Kibali cha Kufungua Sanduku la Barua

Uandishi wa barua umekuwa sehemu ya kazi ya ualimu tangu shule zetu zilipoanza. Mwalimu wa shule ya msingi humwandikia mzazi, Afisa Elimu, mganga wa zahanati na mwenyekiti wa kijiji, na mara nyingi huandika pia kwa niaba ya jirani asiyejua kuandika. Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia jambo lililoingia katika kazi hiyo miaka ya karibuni, nalo ni kuiunganisha akaunti ya barua pepe ya shule, au ya mwalimu mwenyewe, na programu ya kompyuta inayomilikiwa na watu wengine, ili programu hiyo itume barua nyingi kwa jina letu. Tunalizungumzia kwa sababu walimu wanafunzi wanaotoka chuoni sasa yamkini watakutana nalo mapema katika kazi yao, na kwa sababu tumeona kwamba linafundishika vizuri hata katika shule isiyo na kompyuta wala umeme.

Kwanza tueleze programu zenyewe ni za namna gani. Zilibuniwa hasa kwa ajili ya wauzaji wa bidhaa. Muuzaji huweka orodha ya watu, tuseme 400, pamoja na majina yao, vyeo vyao na mahali wanapofanya kazi. Kisha huandika barua moja yenye nafasi wazi, na programu huzijaza nafasi hizo kwa kila mtu, hata mpokeaji akaamini kwamba barua ile imeandikwa kwa ajili yake peke yake. Asipojibu kwa siku tatu au nne programu humwandikia tena bila kungoja amri. Akinyamaza, humwandikia mara ya tatu. Akijibu, programu huacha. Barua zote hizo hutoka katika anwani yako wewe, si ya wenye programu, na nakala zake hubaki katika sanduku lako la barua zilizotumwa kana kwamba uliketi usiku kucha ukiziandika.

Siku hizi si wauzaji tu wanaozitumia. Shule hutafuta wafadhili wa madawati, chuo hutafuta wahitimu wake wa zamani, kamati ya maktaba huomba vitabu. Haja hizi ni za haki, na mwalimu mwenye vipindi 30 kwa juma hawezi kulaumiwa akitamani msaidizi wa kumwandikia barua. Kwa hiyo hatuandiki makala haya ili kuwakataza watu.

Hata hivyo liko swali ambalo mwalimu hana budi kulijibu kabla ya kusimama mbele ya darasa: programu iliyopewa kazi ya kutuma, kwa nini iombe na ruhusa ya kusoma? Tumewauliza walimu wanafunzi swali hili mara nyingi. Wengine husema wenye programu ni wezi. Wengine husema ruhusa ile ni desturi tu na haina maana. Majibu yote mawili yanakosea. Programu huomba kusoma kwa sababu haiwezi kujua nani amejibu mpaka itazame barua zinazoingia, na isipojua nani amejibu itaendelea kumsumbua mtu aliyekwisha kutoa jibu. Lakini sanduku la barua halina mlango mdogo wa majibu peke yake. Anayeingia kutafuta jibu la barua moja amekwisha kuingia palipo na barua zote. Haja ni ndogo na mlango ni mkubwa, na ugumu wa jambo hili umo katika tofauti hiyo.

Njia za kuunganisha zimebadilika, na ni vizuri mwalimu azijue zote mbili. Kanuni zinazoongoza utumaji wa barua pepe, ziitwazo SMTP, zilitolewa mwaka 1982, na zile za kusoma barua zilizohifadhiwa mbali, ziitwazo IMAP, zilibuniwa mwaka 1986. Wakati huo waliokuwa katika mtandao walikuwa wachache, wengi wao watu wa vyuo vikuu na ofisi za utafiti. Njia ya kuiruhusu programu iingie ilikuwa kuipa neno lako la siri, yaani kumpa mgeni ufunguo wa nyumba nzima. Baadaye ulibuniwa utaratibu mwingine uitwao OAuth, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2007 na la pili mwezi Oktoba 2012. Katika utaratibu huu programu haioni neno la siri. Hukupeleka kwa mwenye kutunza barua zako, mathalani Google au Microsoft. Hapo hujitambulisha, huulizwa kama unakubali, nawe ukikubali programu hupewa kibali chake yenyewe. Kibali huweza kuandikwa mipaka, na huweza kufutwa bila kubadili kufuli. Google iliacha kupokea maneno ya siri ya kawaida kutoka kwa programu za nje katika akaunti za watu binafsi tarehe 30 Mei 2022, na Microsoft ilianza kuifunga njia hiyo katika akaunti za taasisi mwezi Oktoba wa mwaka huo huo. Limebaki neno la siri maalumu la herufi 16 ambalo Google humpa mtu kwa ajili ya programu moja. Wenye programu wengine bado huwaelekeza wateja huko. Mwalimu alihesabu neno hilo kuwa ni ufunguo wa zamani uliochongwa upya, maana haliandikwi mipaka ya kusoma au kutuma kama kilivyo kibali.

Chuoni kwetu jambo hili lilitufikia kwa njia ya kawaida kabisa. Ofisi ilikuwa na shule nyingi za kuandikia ili kuomba nafasi za mazoezi ya kufundisha, na mtu mmoja akaleta programu akieleza kwamba kazi ya juma zima itakwisha kwa asubuhi moja. Sisi tuliomba dirisha la kibali linakiliwe ubaoni neno kwa neno, tukalifundisha kama kifungu cha ufahamu katika somo la Kiswahili. Kifungu chenyewe kilikuwa na sentensi moja: programu hii inaomba kusoma, kuandika, kutuma na kufuta kabisa barua zako zote. Tuliwaagiza walimu wanafunzi waandike mbele ya kila kitenzi sababu ya programu kukihitaji kitenzi hicho ili chuo kipate nafasi za mazoezi. Kutuma kulipata sababu mara moja. Kuandika pia. Kusoma kulizua ubishi, na baada ya robo saa wakafika wenyewe kwenye maelezo tuliyoyatoa hapo juu. Kufuta kabisa hakukupata sababu hata moja, na tulipomwuliza aliyeleta programu alijibu kwamba vitenzi vile huja pamoja kama pakiti ya biskuti. Jibu hilo lilikuwa la kweli kwa kiasi fulani. Watunzaji wa barua huvigawa vibali katika mafungu, na mwenye programu huchagua fungu. Yapo mafungu madogo, hata la kutuma tu bila kusoma. Wengi huchagua kubwa ili wasirudi kuomba tena.

Kisha tukafika kwenye neno “zako”. Mwalimu mwanafunzi mmoja, aliyewahi kuwa karani wa shule kabla ya kuja chuoni, alisema kwamba sanduku ni letu lakini barua si zetu. Tulimwomba aeleze, naye akaanza kutaja aina za barua alizozipokea alipokuwa karani. Mzazi anaeleza kwa nini mtoto wake anahitaji kunywa dawa kila siku na kwa nini asingependa wenzake wajue. Baba anauliza utaratibu wa binti yake kurudi shuleni baada ya kujifungua, jambo ambalo serikali iliruhusu mwezi Novemba 2021. Mwalimu anaomba uhamisho na kutoa sababu ambazo hajamwambia hata ndugu yake. Wapo pia watoto waliotajwa kwa majina katika orodha za alama, za karo za mtihani, za wasio na sare. Hakuna mmoja wao aliyesimama mbele ya dirisha lile la kibali. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Hapa kata inaazimwa kwa mtu wa mbali, na wenye maji hawana habari.

Sheria nayo imelitazama jambo hili. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa zinazohusu watoto zimewekwa humo katika kundi la taarifa nyeti. Kenya ilitangulia kwa sheria yake ya mwaka 2019, na mwezi Septemba 2023 ofisi ya kamishna anayeisimamia iliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kosa hilo lilihusu picha, halikuhusu barua. Tunalitaja kwa sababu bado wapo walimu wanaodhani sheria hizi ziliandikwa kwa ajili ya mabenki na kampuni za simu.

Ofisi iliamua kufungua akaunti mpya, isiyo na barua hata moja ndani yake, ikaiunganisha hiyo na programu, na akaunti kuu ikaachwa bila kuguswa. Majibu ya walimu wakuu yaliingia katika sanduku jipya, nayo yalihusu nafasi za mazoezi tu. Njia hii haina gharama, na tunaipendekeza kwa kila shule.

Tunapenda sasa kukaa kidogo juu ya jambo ambalo wataalamu wa kompyuta hawalizungumzi sana, nalo ni adabu ya barua. Mwalimu Mkuu mmoja, mtu wa makamo tunayemheshimu, aliandikiwa na muuzaji wa vitabu. Barua ilimwita kwa jina lake la kwanza, kavu kavu, bila “Mwalimu” wala “Mzee”, kwa sababu nafasi iliyoachwa wazi katika barua ilikuwa ya jina la kwanza. Yeye, kama watu wengi wa rika lake, alisoma barua kisha akachukua simu, akampigia muuzaji, wakaongea vizuri wakakubaliana wakutane mwisho wa mwezi. Siku nne baadaye ikaja barua ya pili kutoka kwa kijana yule yule, ikisema huenda ile ya kwanza ilimpita. Ikaja na ya tatu, iliyosema kwamba kama hana haja basi aseme tu. Mwalimu Mkuu aliona ametukanwa. Kijana hakuwa na habari. Alikuwa likizoni kwao, programu ndiyo iliyokuwa kazini. Ilitafuta jibu katika sanduku la barua, haikuliona, ikahesabu kwamba mzee amenyamaza. Vitabu havikununuliwa.

Watengenezaji wa programu hizi hudhani kwamba barua hujibiwa kwa barua. Kwetu barua hujibiwa kwa simu, kwa mjumbe, kwa kupita ofisini, na pengine kwa kukutana msibani na kusema “barua yako niliipata”. Anayefundisha uandishi wa barua rasmi katika Darasa la VI au la VII anajua tunavyohangaika na mpangilio: anwani ya mwandishi juu kulia, tarehe, anwani ya mwandikiwa, mwanzo wa heshima, kichwa cha barua. Mtoto akiuliza vitu hivyo vyote vya nini, huu ni mfano mzuri wa kumwonyesha. Mpangilio ule humlazimisha mwandishi amfikirie mwandikiwa, ni nani na aitwe vipi, kabla hajaomba chochote. Basi atakayeitumia programu ajaze orodha yake kwa “Mwalimu Mkuu” na jina la ukoo, azime barua za ukumbusho zinazojituma zenyewe, na akumbushe kwa mkono baada ya kuuliza ofisini kama nani amekwisha kupiga simu.

Iko hatari nyingine, ambayo historia imetupatia mfano wake. Tarehe 3 Mei 2017 watu wengi wenye akaunti za Gmail walipokea barua kutoka kwa watu wanaowafahamu, ikiwaalika kufungua waraka. Walipobonyeza walipelekwa katika ukurasa halisi wa Google, wala si wa bandia, ulioeleza kwamba programu iitwayo “Google Docs” inaomba kusoma, kutuma, kufuta na kusimamia barua zao, na kusimamia orodha ya anwani za watu wao. Jina lile lilikuwa la kuazima. Programu ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Aliyekubali, mara ile ile programu ilituma mwaliko huo huo kwa watu waliomo katika orodha yake. Google iliisimamisha kwa muda wa kama saa moja, na ikasema walioguswa walikuwa chini ya asilimia 0.1 ya watumiaji wake. Watumiaji wa Gmail walikwisha kupita bilioni 1 wakati huo, na mwalimu wa Hisabati anaweza kuwaachia wanafunzi wa Darasa la VII watafute asilimia 0.1 ya bilioni 1 ni watu wangapi. Katika tukio lile hakuna neno la siri lililoibwa. Watu walitoa kibali wenyewe, kwa kidole chao, kwa sababu walisoma jina la mwombaji wakaacha kusoma anachoomba.

(Tarehe ina kituko chake. Ilikuwa tarehe 3 Mei pia, mwaka 1978, ambapo Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani alituma tangazo la kompyuta kwa watu wapatao 400 katika mtandao wa ARPANET. Barua hiyo huhesabiwa kuwa barua taka ya kwanza. Anwani zilizidi nafasi iliyokuwapo, zikafurika hadi ndani ya barua yenyewe.)

Tuje kwenye somo. Zana zinazohitajika ni katoni ya viatu, bahasha kumi, kadi nne na daftari moja. Juu ya kadi mwalimu ataandika SOMA, ANDIKA, TUMA, FUTA, neno moja kwa kila kadi. Wanafunzi kumi watatunga barua fupi kwa mwalimu mkuu wa shule ya kubuni, kila mmoja akivaa nafsi ya mtu: mzazi, nesi, dereva wa basi, mtoto aliyehama. Hapa tunaonya kwa nguvu kwamba barua ziwe za kutunga. Ugonjwa wa kweli wa mtoto wa kweli usiingie darasani kwa kisingizio cha zana za kufundishia. Barua zikishafungwa katika bahasha zitawekwa katika katoni. Mwanafunzi mmoja atakuwa mwenye sanduku, mmoja mlinzi wa sanduku, na mmoja tarishi kutoka kijiji cha mbali, asiyejulikana na mtu. Kazi ya tarishi ni kupeleka mialiko ya mechi ya mpira kwa shule sita na kuleta habari za majibu.

Mara ya kwanza mwenye sanduku atampa tarishi kadi zote nne. Mwalimu atamnong'oneza tarishi afanye kila anachoruhusiwa, wala asipitilize. Basi atapeleka mialiko kama alivyotumwa. Halafu atarudi, ataonyesha kadi ya SOMA kwa mlinzi, naye mlinzi hana budi kumpisha. Atafungua bahasha moja baada ya nyingine, atasoma kimya, na atanakili anayotaka katika daftari lake. Kwa kadi ya ANDIKA na ya TUMA atatunga barua kwa jina la mwenye sanduku na kuipeleka kwa nesi. Kwa kadi ya FUTA atachana bahasha moja. Tulipolishuhudia somo hili likifundishwa na mwalimu mwanafunzi katika mazoezi, darasa lilipiga kelele kwamba tarishi ni mwizi. Mwalimu aliuliza: ameiba nini? Wakatazama kadi. Kila alichokifanya alikuwa na kadi yake. Ghadhabu ikahama polepole kutoka kwa tarishi kwenda kwa mwenye sanduku, aliyebaki amesimama akitabasamu kwa aibu, masikini, ingawa alikuwa anaigiza tu.

Ndipo mwalimu akaamuru kadi zirudishwe, na tarishi akazirudisha. Darasa likatulia kama kwamba mambo yamekwisha. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, aliyekuwa ameandika barua ya mzazi, akauliza: “Na daftari lake?” Daftari lilikuwa bado mkononi mwa tarishi. Hatukumbuki swali lililoeleza vizuri zaidi kikomo cha kufuta kibali. Akaunti ya barua pepe ina mahali pake, katika mipangilio ya usalama, panapoonyesha programu zote zilizopewa kibali, na hapo kibali hufutwa kwa kubonyeza mara moja. Programu haitaingia tena. Lakini nakala ilizokwisha kuchukua ziko kwa wenye programu, na kuzipata zifutwe hapana budi kuwaandikia na kungoja. Kubadili neno la siri peke yake si njia ya kutegemea. Ni lazima kwenda mahali pale na kukifuta kibali chenyewe.

Tuna neno moja la ukosoaji kuhusu somo lile. Mwalimu mwanafunzi alisema mapema mno kwamba tarishi ni programu ya kompyuta. Alilisema katika utangulizi, na wanafunzi watatu au wanne waliowahi kushika kompyuta wakajiona wanajua, wengine wakajiona hawahusiki. Afadhali kompyuta itajwe baada ya swali la daftari. Aidha somo halitoshi katika kipindi kimoja. Lipewe vipindi viwili mfululizo, na katika kile cha pili mchezo urudiwe kwa kadi ya TUMA peke yake, ili darasa lione kwamba mechi yaweza kupangwa bila mtu kufungua bahasha, ingawa mwenye sanduku atalazimika kuyatafuta majibu yeye mwenyewe.

Mambo ya idadi na mihuri tutayapitia kwa haraka, kwa kuwa yanamhusu mwalimu pale tu anapotuma barua nyingi. Akaunti ya kawaida ya Gmail huruhusiwa kuwaandikia watu 500 kwa siku, na anayepitisha kiasi hicho huweza kuzuiwa kutuma kwa muda wa hadi saa 24, hata barua ya dharura kwa mzazi. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawadai watumaji wakubwa, ambao kwa Google ni wale wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku, wawe na alama tatu za uthibitisho, yaani SPF, DKIM na DMARC. Ya kwanza ni orodha ya matarishi waliosajiliwa kubeba barua za taasisi, ya pili ni lakiri juu ya barua, na ya tatu ni maagizo ya nini kifanyike kwa barua isiyothibitishwa. Watumaji hao wanadaiwa pia kuweka njia nyepesi ya mtu kujitoa katika orodha, na malalamiko yasifikie asilimia 0.3, yaani watu watatu katika barua 1,000. Chuo au shule yenye jina lake katika mtandao ifanye vizuri kuziweka alama hizo hata ikiwa inatuma barua chache, maana barua isiyo na lakiri mara nyingi huishia katika sanduku la taka bila mtu kuambiwa.

Limebaki suala la makabidhiano. Mwalimu mkuu anapohamishwa huandika hati inayotaja madawati, vitabu, jembe, mipira na funguo za stoo. Akaunti ya barua pepe ikitajwa hutajwa kwa neno lake la siri tu. Tunapendekeza ukurasa mmoja zaidi katika hati hiyo, wenye jina la kila programu iliyounganishwa, tarehe ya kuiunganisha, ruhusa ilizopewa, jina la aliyetoa kibali, na nafasi ya kuandika tarehe ya kukifuta. Mhitimu wetu mmoja alipofika kituo chake cha kazi alifungua mipangilio ya akaunti ya shule akakuta programu tatu zenye vibali. Moja ilikuwa ya kusambaza barua, iliyowahi kutumiwa kuomba vitabu. Moja ilikuwa ya mchezo wa karata. Ya tatu hakuna aliyeijua. Hizi mbili za mwisho alizifuta siku ile ile. Kuhusu ya kwanza alimwandikia mwalimu aliyemtangulia kumwuliza kama bado kuna wafadhili wanaongojewa, na jibu lilikuja jioni, kwa simu.